Meza niliyoitengeneza Tanga imepasuka Dodoma. Kosa ni mbao, vifaa au mikono yangu?

MwalimuWaMaabara (Dodoma)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha kemia. Useremala si ajira yangu. Nilianza kujifunza miaka miwili iliyopita nikiwa Tanga, jioni na Jumamosi, kwenye banda la jirani aliyekuwa akitengeneza vitanda. Kitu changu cha kwanza kikubwa kilikuwa meza ya binti yangu ya kusomea. Juu niliunga mbao nne za saipresi ya Lushoto, inchi moja kwa sita, kwa gundi, nikapata upana wa sentimita 58 na urefu wa sentimita 110. Chini nikakingamisha mbao mbili, na kila mbao ya juu nikaipiga skrubu mbili kwenye kila mkingamo ili isiende popote. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi mikono mitatu. Jirani akasema imetulia, na kweli ilitulia mwaka mzima.

Mwezi wa sita nikahamishiwa Dodoma. Mwezi wa tisa, usiku, tukasikia mlio sebuleni kama mtu kavunja ukuni kwa goti. Asubuhi nikakuta ufa umekwenda karibu meza nzima. Haukupita kwenye maungio ya gundi. Mbao ya pili yenyewe ndiyo imepasuka, ufa unafuata nyuzi zake. Pale palipo pana zaidi ni milimita 4. Binti yangu yuko darasa la nne. Akiandika, penseli inadumbukia. Ametandika kitambaa juu na hasemi kitu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya ufa wenyewe.

Fundi mmoja hapa mtaani kaniambia saipresi ni mbao ya ovyo, ninunue mninga. Mwingine kasema niongeze skrubu ziubane ufa. Nimeona niulize kwanza kabla sijaharibu zaidi.

Jambo la pili ni vifaa. Tanga nilikuwa naazima kila kitu kwa jirani. Vya kwangu ni nyundo, bisibisi, futi ya kuvuta, msumeno wa mkono wa shilingi 12,000, na randa ya chuma namba 4 niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Randa hiyo haitoi maranda, inararua tu mbao ikaacha vishimo. Nimeweka akiba shilingi 250,000. Rafiki yangu ananishawishi ninunue grinda nifunge diski ya meno ya msumeno, anasema inafanya kila kitu. Ninapanga, nyuma kuna kibaraza cha mita 2 kwa 3 chenye bati, tuko wapangaji wanne, na mmoja ana mtoto mchanga.

Naombeni msaada: kwa nini imepasuka, inatengenezeka, na hizo 250,000 nizianzie wapi?

---

Fundi_Keko (Dar es Salaam)

Mwalimu, pole na meza. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Niko Keko kwenye samani tangu 1994, nitakujibu kwa ninavyojua.

Nianze na grinda, maana hilo haliwezi kusubiri. Usinunue grinda ukakatie mbao. Mashine ile imeundwa kusaga na kukata chuma, na hizi ndogo zinazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Diski ya meno ikinasa kwenye mbao, mashine yote inaruka, na inaruka kuelekea kwako. Kidole changu cha shahada cha kushoto hakina pingili ya mwisho tangu 2007. Siku hiyo nilikuwa na miaka 13 kwenye kazi, mbao ilikuwa nyepesi, na nilikuwa nimebakiza sehemu ya kukata isiyofika inchi mbili. Rafiki yako anakutakia mema, lakini hapo mkatalie.

Sasa meza. Saipresi iache, haina kosa. Shida ni kwamba umeifunga mbao isipate pa kwenda.

Mbao hata ikikauka vipi haiachi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ikinywa inatanuka, ikitoa inanywea, na mchezo huo hauishi hata samani ikifika miaka mia. Lakini inatanuka na kunywea kwa upana na unene tu. Kwa urefu, kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno huwezi kuyaona. Tanga hewa ina unyevu wa bahari mwaka mzima. Huko kwenu kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna na upepo ni mkavu. Meza ya sentimita 58 ikitoka Tanga kwenda Dodoma kiangazi inaweza kutaka kupungua milimita 5 au 6. Mikingamo ya chini imelala kinyume chake, urefu wake uko upande uleule ambao juu inataka kupungua, na urefu haupungui. Wewe umezishikisha pamoja kwa skrubu 16. Juu inavuta, chini inakataa. Mbao imechanika pale ilipokuwa dhaifu, na kwa kuwa gundi yako ilikuwa nzuri, maungio yakashika na mbao yenyewe ndiyo ikaachia. Hiyo kwa kweli ni sifa kwa mikono yako. Vanishi haizuii jambo hili, inalichelewesha.

Kwa hiyo ukiongeza skrubu utapata ufa wa pili.

Inatengenezeka. Fungua skrubu zote leo. Egemeza meza ukutani ndani ya nyumba, hewa ipite pande zote mbili, uiache wiki mbili. Kisha ipasue kwa msumeno kufuata huo ufa, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo ufa haujafika. Utasikitika kukata, lakini kata. Randa zile kingo mbili mpaka ukizikutanisha na kuzitazama kuelekea dirishani zisipitishe mwanga. Paka gundi, bana kwa klempu tatu, acha mpaka kesho yake. Watu watakuambia ujaze ufa kwa unga wa mbao na gundi. Usijaze. Mvua za Desemba zikija mbao itatanuka, ikutane na hicho kijazio kigumu, na utaharibikiwa upande mwingine.

Ukirudisha mikingamo, matundu ya skrubu ya katikati yaache duara. Ya pembeni yafanye marefu kama kokwa ya tende, urefu ukielekea kwenye upana wa meza. Toboa matundu mawili jirani kwa keekee, uyaunganishe kwa patasi. Weka washa chini ya kichwa cha skrubu, kaza mpaka iguse tu. Meza itateleza juu ya mkingamo kila msimu na hakuna atakayejua isipokuwa wewe.

Kuhusu mninga: ndiyo mbao ninayoipenda kuliko zote, na ni kweli inatembea kidogo sana kuliko nyingi, ndiyo maana watu wanaililia kwa milango. Lakini bei yake siyo ya kujifunzia kunoa randa. Jifunzie paini ya Sao Hill, iliyonyooka na yenye vifundo vichache. Ukienda kununua, inua mbao mbili za kipimo kimoja. Nzito ndiyo yenye maji. Shika ncha moja, funga jicho moja, itazame kama unalenga. Iliyopinda dukani haitanyooka nyumbani.

Na wewe una kitu ambacho mimi sijawahi kuwa nacho: mizani ya maabara. Kata kipande kidogo cha mbao, siyo kwenye ncha maana ncha hukauka mapema, ingia ndani kama futi moja. Kipime. Kiweke kwenye oveni nyuzi joto 103, ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito uache kushuka. Uzito uliopotea ugawe kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kwa meza ya kukaa ndani Dodoma ningependa uone 10 mpaka 12. Ikizidi 15, panga mbao chumbani na vijiti katikati yake, usubiri.

Hizo 250,000: cha kwanza kinoo chenye pande mbili, laini na wa kukwaruza. Hapo ndipo wanafunzi wangu wote huanzia na wengi hawapapendi. Halafu patasi mbili tu, nusu inchi na inchi moja, za chuma kizuri. Seti ya patasi sita za bei rahisi zitakufundisha hasira. Klempu tatu ndefu za kufika sentimita 60. Geji ya kuchorea mistari. Skwea ya kupimia kona, na hiyo ijaribu dukani hapohapo: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena pale pale. Mistari ikilala mmoja juu ya mwingine, lipa. Ikiachana, irudishe. Nyundo ya mti ya kupigia patasi usinunue, itengeneze mwenyewe kwa kipande cha mti mgumu.

Randa yako nina hakika ni nzima. Inararua kwa sababu tatu: kisu ni butu, unakwenda kinyume cha nyuzi, na kile kipande cha chuma kinachokaa mgongoni mwa kisu kimerudi nyuma mno. Kisogeze kibaki milimita 1 hivi kutoka kwenye makali. Mbao ikianza kung'oka, igeuze uanzie ncha ya pili.

---

Grevilea_Nakuru (Kenya)

Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mhasibu, mbao ni ya wikendi tu, mwaka wa nane sasa. Fundi amesema yote kuhusu meza, nitaongeza mawili.

Kwanza angalia meno ya huo msumeno wako. Kama ncha za meno zina weusi au ubluu fulani, hayo yamechomwa yakawa magumu na tupa haiwezi kuyanoa. Ukiisha makali umekwisha. Ukipata msumeno wa zamani wenye meno meupe sawa na bapa lake, hata kama una kutu, chukua. Kutu ya juu inatoka kwa msasa na mafuta. Mimi wangu niliupata kwa mzee mmoja hapa akiuza vitu vya marehemu kaka yake, mpini umepasuka, bapa limenyooka kabisa. Nilinunua tupa ya pembetatu, nikabana msumeno kati ya mbao mbili, nikapitisha tupa jino kwa jino, nikiruka moja, halafu nikageuka upande wa pili. Ilinichukua Jumamosi nzima. Tangu siku hiyo nikikata, mstari ndio unaniongoza, siyo nguvu.

Pili, kinoo. Fundi nakuheshimu, lakini mwalimu anaweza kuanza bila kinoo na hizo pesa akaongeza klempu. Aende kwa watu wa vioo aombe kipande cha mabaki, unene wa milimita 6 au zaidi. Alaze juu yake msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi za magari: 240, kisha 400, 800, mpaka 1500. Matone ya maji, na kisu cha randa kwa pembe ya nyuzi 30. Asisahau mgongo wa kisu, ulazwe bapa kwenye kioo mpaka ung'ae pale karibu na makali. Watu wengi wananoa upande mmoja tu, kisha wanashangaa.

Kuhusu mbao, huku serikali ilipositisha ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018, saipresi ikawa ghali na wengi wetu tukageukia grevilea ya mashambani, ile iliyopandwa kando ya kahawa na mahindi. Inapinda kama haijakauka vizuri, lakini ikishakauka ina madoa mazuri sana ukiipasua upande wake. Ukiikuta Dodoma, jaribu. Vaa kitambaa puani unapopiga msasa, inawasha.

---

Fundi_Keko (Dar es Salaam)

Ndugu wa Nakuru, la kioo nimelikubali. Msasa huo unaisha haraka, kwa hiyo mwisho wa yote kinoo ni rahisi zaidi, ila kwa miezi ya kwanza mwalimu atafika. Na kwa kuwa umetaja vumbi: siku ukigusa mvule, mwalimu, usifanye mzaha. Vumbi lake linawapa watu vipele na kubana kifua. Miwani na kitambaa.

---

Mfenesi_Unguja

Kaka mwalimu, asalaam aleikum. Mimi nakaa ghorofani mjini, chini yangu kuna bibi mtu mzima, kwa hiyo la kelele nalijua.

Sina meza ya fundi. Nina ubao wa futi moja na nusu, nimeugongomea kijiti juu upande mmoja na kijiti chini upande wa pili. Kile cha chini kinashika ukingo wa meza ya jikoni, cha juu kinazuia mbao nikikata. Nikikata naisukumia mbao pale na haitikisiki. Kimenigharimu mabaki tu. Chini ya miguu ya meza natia vipande vya jamvi la zamani vilivyokunjwa, sauti haishuki kwa bibi. Kazi za patasi nazifanya kwa kusukuma kwa mkono, kidogo kidogo, wala sipigi nyundo baada ya Isha. Patasi ikiwa kali kweli kweli haitaki nyundo kwa mti laini.

Nataka nikwambie na jingine, ambalo wenzangu wamelipita. Meza ni kazi kubwa kwa mtu wa kwanza. Tengeneza mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja. Ni vibao viwili tu: kimoja kina mwanya katikati, cha pili kinapita ndani yake na kujikunja. Ule mwanya ukiwa mpana mbuzi inalegea mtu akikaa, ukiwa mwembamba haifunguki. Hapo utajifunza kupima, kukata upande wa ndani ya mstari, kusafisha tundu kwa patasi, na kuviringisha kingo zisimchome anayekalia. Ulimi wa chuma unanunua sokoni. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mfenesi. Mfenesi ukiukata ni njano kama manjano ya bizari, kisha mwaka baada ya mwaka unageuka kahawia, na unakubali randa bila ugomvi. Mama yangu aliikalia siku ileile akakuna nazi mbili za wali, hakusema kitu, kesho yake akaniambia dada yake naye anataka.

Najua Dodoma nazi ni za kusafirishwa. Lakini umetoka Tanga, nyumba yako haikosi mbuzi mbovu ya kutengenezea mfano.

---

MwalimuWaMaabara (Dodoma)

Shikamoo Fundi, na ahsanteni nyote. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu sikutaka kurudi na maneno matupu.

Grinda sikununua. Nilimwonesha rafiki yangu maelezo ya Fundi, akasoma, akakaa kimya, kisha akasema na yeye atauza yake.

Skrubu nilizifungua usiku uleule. Nilipofika ya kumi na moja, meza ilitoa mlio mdogo na ufa ukajifunga mbele ya macho yangu kutoka milimita 4 hadi 2 na nusu. Nilimwita binti aone. Mimi nafundisha unyevu na mvuke kila mwaka ubaoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba meza yangu ilikuwa kwenye somo hilo.

Maabara: kipande cha saipresi ya meza kilikuwa gramu 62.4, kikakauka kikabaki 55.9. Hiyo ni asilimia 11.6, kwa hiyo meza imeshazoea Dodoma. Halafu nikapima paini mpya niliyoinunua hapa, muuzaji aliniapia ni kavu: gramu 70.0 ikashuka hadi 60.1, asilimia 16.5. Nimeipanga chini ya kitanda na vijiti. Kidato cha tatu walifanya vipimo hivyo pamoja nami, na wawili wameanza kuja Jumamosi kibarazani.

Kioo nilipewa bure. Kisu cha randa nilikinoa jioni mbili. Mgongo wake ulikuwa na bonde ambalo sikuliona mpaka nilipoulaza kwenye msasa: uling'aa pembeni na katikati ukabaki mweusi. Nilipopitisha randa mara ya kwanza baada ya hapo, lilitoka ganda moja refu la mbao, jembamba, linaonesha mwanga, na sauti ilibadilika kabisa, kama kitambaa cha hariri kikivutwa. Binti alilichukua, akalitumia kama alama ya kitabu.

Msumeno wangu una meno meusi. Nitautumia mpaka uishe, huku natafuta wa zamani. Nimenunua patasi mbili, klempu tatu, skwea (ya tatu ndiyo iliyofaulu mtihani, muuzaji alichoka na mimi), geji na gundi nusu kilo. Nimebakiza shilingi 61,000. Dada wa Unguja, mbuzi nitaitengeneza kwa mama mkwe, yuko Pangani na nazi anazo. Mwembe unafaa? Mfenesi hapa sijauona.

Sasa nimekwama. Meza nimeipasua kwenye ufa na kuranda kingo. Nikizikutanisha dirishani, ncha zote mbili zinagusana sawasawa, ila katikati mwanga unapita kidogo sana, unene wa karatasi, kwa urefu kama wa mkono. Kila nikiranda unabaki palepale. Nimekosea?

---

Mfenesi_Unguja

Mwembe unafaa, uwe mkavu tu, na usiuweke dirishani, wadudu wanaupenda.

---

Fundi_Keko (Dar es Salaam)

Marahaba mwalimu. Hujakosea. Acha kuranda hapohapo, weka randa chini.

Ncha zikigusana na katikati pakawa na mwanga wa unene wa karatasi, klempu ya katikati itapafunga, na ncha zitabaki zimebanwa vizuri zaidi. Ncha za mbao ndizo hukauka haraka na ndizo hufunguka kwanza, kwa hiyo ni vyema zikawa na mbano wa ziada. Mimi huwa nafanya hivyo kwa makusudi. Ingekuwa kinyume, katikati panagusa na ncha zina mwanga, ningekuambia urande tena.

Fanya hivi: bana kwanza bila gundi, uone mwanga umekwisha. Ukifungika kwa klempu moja ya katikati bila kukaza kwa nguvu zote, fungua, paka gundi kingo zote mbili, bana ya katikati kwanza, kisha za pembeni. Gundi itokeze vitone vidogo mstari mzima. Isipotokeza mahali, hapo haijafika. Usiifute ikiwa mbichi, isubiri ishike kama jibini, uikwangue kwa patasi. Tuma picha ya upande wa chini pia, nataka kuona hayo matundu ya skrubu.